AMRI BILA MKONO
Polisi wasipoiondoa bunduki waliyoamriwa kuiondoa, nani atawajibika?

Hotuba kwa semina ya haki na utawala wa sheria ya viongozi wa makanisa na wanaharakati



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana la watu wa mbali, yaani wajibu wa polisi pale mahakama au sheria inapoamuru kwamba mtu fulani aondolewe bunduki, kisha polisi wasiiondoe. Mifano mingi nitakayoitoa inatoka Marekani, kwa kuwa huko ndiko bunduki zilikojaa mikononi mwa raia, na ndiko sheria za aina hii zilikojaribiwa kwa muda mrefu. Lakini swali lenyewe halina uraia. Kila mama aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi, akaambiwa arudi kesho, analifahamu vyema. Swali ni hili: sheria inaposema "lazima", ni nani hasa anayelazimika, na asipotekeleza atamjibu nani?

USIKU WA CASTLE ROCK

Katika mji mdogo wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mama mmoja aitwaye Jessica Gonzales, ambaye baadaye alijulikana kama Jessica Lenahan, alikwenda mahakamani mwezi Mei 1999 akapewa amri ya kumzuia mume waliyekuwa wametengana naye. Mwezi Juni amri hiyo ikafanywa ya kudumu. Ilimruhusu baba kuwaona watoto kwa mpango maalumu, lakini ilimkataza kumsumbua mama na watoto, na kukaribia nyumba yao. Nyuma ya karatasi hiyo yalichapishwa maelekezo kwa polisi, yakisema kwamba ni lazima watumie kila njia ifaayo kuitekeleza amri, na kwamba aliyeivunja akamatwe au hati ya kumkamata iombwe.

Jioni ya tarehe 22 Juni 1999, mabinti watatu wa mama huyo, wenye umri wa kati ya miaka 7 na 10, walikuwa wakicheza nje ya nyumba. Baba yao akaja akawachukua pasipo mpango wowote. Yapata saa moja u nusu za usiku mama akawaita polisi. Walipofika akawaonyesha ile amri. Wakamjibu kwamba hawakuwa na la kufanya, angoje hadi saa nne. Yapata saa mbili u nusu baba alisema kwa simu kwamba yupo na watoto katika bustani ya michezo mjini Denver. Mama akawapigia polisi tena, akaambiwa angoje saa nne ifike. Saa nne ikapita, akapiga. Akaambiwa angoje hadi usiku wa manane. Usiku wa manane ukapita, akapiga. Akaambiwa amsubiri askari nyumbani kwa mumewe, na askari hakuja. Mwisho akaenda mwenyewe kituoni. Askari akaandika taarifa yake, kisha akaenda kula.

Saa tisa na dakika ishirini za alfajiri baba yule akafika kwenye kituo hichohicho cha polisi, akaanza kufyatua risasi kwa bastola aliyoinunua jioni ileile. Polisi wakamjibu kwa risasi, akafa. Ndani ya gari lake zilikutwa maiti za wale mabinti watatu.

Ndugu zangu, angalieni mambo mawili. La kwanza, sheria haikukosekana. Amri ya mahakama ilikuwapo, maelekezo kwa polisi yalikuwapo, na tangu mwaka wa 1994 sheria ya taifa zima ilikuwa imewakataza watu walio chini ya amri nyingi za aina hiyo kumiliki silaha. La pili, mama huyu hakunyamaza. Alifanya yote ambayo mwananchi mwema huambiwa ayafanye. Kilichokosekana ni mkono wa kuitekeleza amri.

"LAZIMA" ILIYOGEUKA HIARI

Mama huyo akaushtaki mji wake, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 27 Juni 2005, kwa kura saba dhidi ya mbili, mahakama hiyo ikamnyima haki aliyoiomba. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alieleza kwamba polisi wa Marekani kwa desturi wana hiari ya kuamua lini watakamata na lini hawatakamata, na kwamba neno "lazima" ndani ya sheria ya Colorado halikutosha kuiondoa hiari hiyo. Isitoshe, hata kama polisi walikuwa na wajibu, haikufuata kwamba wajibu huo ulikuwa mali ya mama ambayo angeweza kuidai chini ya Katiba. Jaji John Paul Stevens alipinga, akiungwa mkono na Jaji Ruth Bader Ginsburg. Walionyesha kwamba sheria kama ile ya Colorado zilitungwa makusudi ili kuikomesha tabia ya polisi ya kuipuuza jeuri ya nyumbani.

Uamuzi huo haukuota pasipo mizizi. Mwaka wa 1989, katika kesi ya DeShaney, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba Katiba ya Marekani kwa kawaida haiilazimishi serikali kumlinda mtu dhidi ya jeuri ya mtu mwingine asiye wa serikali. Kwa maneno mepesi, Katiba inamkataza askari kukupiga, lakini haimwamuru amzuie jirani yako asikupige.

Mama huyo hakukata tamaa. Aliipeleka kesi nje ya nchi yake, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika, na mwaka wa 2011 tume hiyo ikaamua kwamba Marekani ilivunja wajibu wake wa kumlinda yeye na mabinti zake. Ilipendekeza uchunguzi wa kina ufanywe, fidia ilipwe na sheria zirekebishwe. Lakini tume hiyo haina askari wala jela. Kwa hiyo mama aliyeanza na amri isiyotekelezwa akamaliza na pendekezo lisilo na nguvu ya kulazimisha.

Hata hivyo kuna sentensi moja katika uamuzi wa mwaka wa 2005 ambayo wanaharakati wa huko hawakuisahau. Mahakama ilikiri kwamba majimbo yenyewe yana uwezo wa kutunga sheria zinazompa mhasiriwa haki ya kuwadai polisi. Maana yake, mlango haukupigwa kufuli. Ulirudishwa tu, na ufunguo ukaachwa kwa watunga sheria na kwa wale wanaowachagua.

KOSA LA KUTOTENDA

Tangu miaka hiyo sheria za kuondoa silaha zimeongezeka. Connecticut ilitunga yake mwaka wa 1999, Indiana ikafuata mwaka wa 2005, California mwaka wa 2014, na Florida mwaka wa 2018 baada ya mauaji katika shule ya mji wa Parkland. Leo zaidi ya majimbo 20 yana sheria inayomwezesha hakimu kuamuru kwamba mtu aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wengine akae bila bunduki kwa muda. Na mwezi Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba Katiba ya nchi hiyo, pamoja na jinsi inavyolinda haki ya kumiliki silaha, hairuhusu kila mtu kushika bunduki hata pale mahakama imekwisha kumwona kuwa tishio kwa mwenziwe.

Uhalali wa sheria hizo kwa hiyo umepata nguvu. Ubishi uliobaki ni wa utekelezaji. Hebu tuitazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni mji wa Aurora, jimbo la Illinois. Mwaka wa 2014 mtu mmoja alipewa kadi ya kumiliki silaha, akanunua bastola. Alipoomba kibali cha kuibeba hadharani, alama za vidole vyake zikafichua kwamba alikwisha kuhukumiwa katika jimbo la Mississippi mwaka wa 1995 kwa kosa kubwa la kushambulia. Kadi yake ikafutwa, na barua ikaandikwa ya kumtaka aisalimishe silaha. Hakuisalimisha, na hakuna aliyekwenda kuichukua. Tarehe 15 Februari 2019, karibu miaka mitano baadaye, alikwenda na bastola hiyo kiwandani alikokuwa akifanya kazi, akawaua wenzake watano na kuwajeruhi kwa risasi askari watano waliokuja kuwaokoa watu. Tazameni basi: barua haikukosewa hata neno moja, nao askari wakawa miongoni mwa waliolipia uzembe wa kutoifuatilia. Mwaka wa 2021 Illinois ilirekebisha sheria yake na kutenga fedha za kuzikusanya silaha za watu waliofutiwa kadi.

Mfano wa pili ni Colorado tena. Jimbo hilo lilipopitisha sheria ya kuondoa silaha mwaka wa 2019, kaunti nyingi zilitangaza waziwazi kwamba zinaipinga, na baadhi ya masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti wanaochaguliwa kwa kura, wakasema hawataitekeleza. Kaunti ya El Paso ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza upinzani huo. Mwaka wa 2021 mtu mmoja alikamatwa huko kwa madai ya kutishia kulipua bomu, lakini hakuna aliyeiendea mahakama kuomba amri ya kumzuia asimiliki silaha. Mwezi Novemba 2022 mtu huyo aliwaua watu watano katika kilabu kimoja cha usiku mjini Colorado Springs. Hapa hatuna hata amri iliyopuuzwa. Tuna amri isiyoombwa na wenye mamlaka ya kuiomba, jambo ambalo kwa walioachwa na msiba halina tofauti.

Mfano wa tatu ni Lewiston, jimbo la Maine, ambako tarehe 25 Oktoba 2023 mwanajeshi mmoja wa akiba aliwaua watu 18. Mwezi Mei mwaka huo jamaa zake walikuwa wamewaarifu polisi wa kaunti kwamba alikuwa akisikia sauti zisizokuwapo, na kwamba alikuwa na bunduki nyingi. Mwezi Septemba wenzake jeshini wakatoa onyo kwamba wanahofia atawaua watu. Askari akaenda nyumbani kwake, akabisha, hakufunguliwa, akaondoka. Jukumu la bunduki likaachiwa ndugu wa mtu huyo. Wiki moja kabla ya mauaji ofisi ya sherifu ikaifuta tahadhari iliyokuwa imeitoa juu yake. Tume huru iliyoongozwa na Daniel Wathen, aliyepata kuwa jaji mkuu wa jimbo hilo, ilihitimisha mwaka wa 2024 kwamba polisi walikuwa na sababu za kutosha kisheria za kumshika na kuanza hatua za kumwondolea silaha.

Sheria ya Maine ya wakati huo ilikuwa na kasoro moja ambayo kila mwanaharakati aifikirie. Polisi peke yao ndio walioweza kuanzisha safari ya kuelekea kwa hakimu. Jamaa wangeweza kulia na kuomba, lakini askari asipoinuka, sheria nzima ililala pamoja naye. Mwezi Novemba 2025 wapiga kura wa Maine waliamua kwa kura zao kwamba jamaa nao waweze kumwendea hakimu moja kwa moja.

HOJA ZA ASKARI

Haki inatudai tuwasikilize na upande wa pili. Askari husema, na husema kweli, kwamba hakuna kazi ya hatari kama kubisha mlango wa mtu mwenye silaha na hasira. Husema kwamba hawatoshi, kwamba magari hayatoshi, na kwamba kila siku huletewa amri nyingi kuliko wanavyoweza kuzitekeleza. California, ambayo ina orodha ya watu waliosajili silaha kisha wakapoteza haki ya kuzishika, imekuwa na zaidi ya majina 20,000 katika orodha hiyo kwa wakati mmoja. Kuyapunguza ni kazi ya miaka.

Tena wako wanaohofia kwamba mamlaka ya kumwondolea mtu silaha yatatumiwa vibaya. Hofu hiyo si ya bure. Mwezi Novemba 2018, katika jimbo la Maryland, askari waliokwenda alfajiri kutekeleza amri ya namna hii walimuua kwa risasi mtu waliyemwendea. Nasi Wakenya tuna kumbukumbu yetu nzito zaidi. Mwezi Februari 1984 operesheni iliyoitwa ya kukusanya silaha katika Wajir iliishia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako mamia ya wanaume wa jamii ya Degodia waliuawa mikononi mwa vyombo vya usalama. Hapakuwa na hakimu wala amri iliyomtaja mtu kwa jina. Kabila zima lilifanywa mshtakiwa.

Kwa hiyo ninapodai polisi wawajibike kwa kutoondoa bunduki, sidai wapewe ruhusa ya kuvamia vijiji. Nadai kinyume chake. Amri imtaje mtu mmoja, itolewe na hakimu baada ya kusikiliza ushahidi, iwe na muda na nafasi ya kukata rufani, kisha itekelezwe. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Askari aliyeua watu Wagalla na askari aliyemwambia mama wa Castle Rock angoje hadi saa nne wamekaa pande mbili za msumeno mmoja. Wote wawili walipaswa kuulizwa, na kujibu.

Ama hoja ya uchache wa askari na magari, hiyo ni hoja ya kupanga kazi. Haiwezi kuwa hoja ya kufuta wajibu. Utafiti ulioongozwa na Jacquelyn Campbell, uliochapishwa mwaka wa 2003, ulionyesha kwamba mwanamke anayeteswa na mwenziwe yumo katika hatari ya kuuawa mara tano zaidi ikiwa mtesi huyo anaweza kuifikia bunduki. Ikiwa kituo kina gari moja na kazi kumi, basi takwimu hiyo inakuambia gari liende wapi kwanza.

HAPA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Wako watakaosema kwamba Kenya haina tatizo hili, kwa sababu raia wenye bunduki halali ni wachache. Nawauliza hivi: je, bunduki ya Serikali si bunduki? Mwezi Desemba 2021 huko Kabete, Nairobi, konstebo mmoja alimuua mkewe kwa risasi, akatoka na bunduki aina ya AK-47 akawaua watu wengine watano, kisha akajiua. Mke wa askari anapokuja kulalamika kwamba anatishiwa kwa silaha ya kazi, atamlalamikia nani? Atasimama kwenye kaunta ileile ambayo mumewe husimama upande wa pili. Hapo kuondoa silaha hakuhitaji kuvunja mlango wa mtu. Kunahitaji mkuu wa kituo aipokee bunduki ghalani na asiitoe tena mpaka jambo lichunguzwe.

Na katika jambo hili la wajibu, ndugu zangu, Katiba yetu imetangulia mbele ya ile ya Marekani. Ibara ya 29 ya Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 inampa kila mtu haki ya kutotendewa jeuri ya aina yoyote, iwe inatoka kwa umma au kwa mtu binafsi. Ibara ya 21 inaifanya kuwa kazi ya msingi ya dola kuzilinda haki hizo, na ibara ya 22 inampa kila mtu ruhusa ya kuiendea mahakama haki hizo zikivunjwa. Yale ambayo mama wa Castle Rock aliyakosa katika Katiba ya nchi yake yameandikwa ndani ya yetu.

Tena yamekwisha kujaribiwa mahakamani. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru, mbele ya Jaji Makau, iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya watoto wa kike walionajisiwa, ambao malalamiko yao polisi hawakuyachunguza ipasavyo. Wengi wa waliowanajisi hawakuwa watumishi wa Serikali. Walikuwa watu wa majumbani na mitaani. Hata hivyo mahakama ikaamua kwamba polisi, kwa kutochunguza upesi na kwa ukamilifu, walivunja haki za watoto hao, na ikaamuru uchunguzi ufanywe. Mwezi Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua vilevile kwamba Serikali ilikosa kuchunguza na kushtaki jeuri ya kingono iliyotendwa baada ya uchaguzi wa 2007, na wanne miongoni mwa walalamikaji wakapewa fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Maana ya hukumu hizi ni kwamba katika Kenya kutotenda kwaweza kuwa kosa, na polisi waweza kuitwa kulijibia.

Sheria nyingine nazo zipo. Sheria ya Kuwalinda Watu Dhidi ya Jeuri ya Nyumbani ya mwaka wa 2015 inamwezesha hakimu kutoa amri ya ulinzi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaruhusu cheti cha mwenye bunduki kufutwa ikiwa hafai tena kuaminiwa nayo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, na malalamiko ya polisi kukosa kuchukua hatua ni miongoni mwa yale inayoyapokea.

Basi mbona tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake walilazimika kuandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga kuuawa kwao? Ni kwa sababu tumekuwa hodari wa kuzipigania sheria, na wavivu wa kuzifuata nyuma zinapoondoka Bungeni kwenda kituoni. Huko kituoni "lazima" inakutana na "hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkasuluhishane". Inakutana na "gari halina mafuta". Inakutana na "lete kitu kidogo". Na yakifika hapo, ibara ya 29 na ile karatasi ya Castle Rock zina uzito uleule.

TUFANYE NINI?

Nimekwisha kusema kwamba amri inahitaji mkono. Sasa niseme inahitaji nini zaidi, ili tujue tunalodai.

Kwanza, amri iwe na saa. Katika California, mtu aliyepokea amri ya kuondolewa silaha hutakiwa kuzisalimisha ndani ya saa 24, na kuleta risiti ndani ya saa 48. Amri isiyo na saa ni ombi. Kila mmoja wetu anayemsindikiza mtu mahakamani amwombe hakimu aandike siku na saa ya kutekelezwa kwa amri, na ikiwa anayelalamikiwa ana silaha, hakimu aelezwe jambo hilo waziwazi.

Pili, amri iwe na jina. Tumezoea kusema "polisi watachukua hatua". Polisi gani? Tuulize jina na nambari ya askari aliyekabidhiwa kazi, na jina la OCS. Wajibu wa watu wote huishia kuwa si wajibu wa mtu yeyote.

Tatu, amri iwe na risiti. Bunduki ikichukuliwa, iandikwe aina yake, nambari yake, na mahali inapowekwa. Isipochukuliwa, sababu iandikwe pia, na faili irudi kwa hakimu. Katika kaunti ya King, wenye mji wa Seattle, waendesha mashtaka, polisi na watetezi wa wahasiriwa huzifuatilia amri hizi pamoja, ili karatasi isipotee njiani kutoka korti hadi kituo.

Nne, mhasiriwa asiachwe peke yake kwenye kaunta. Hili, wapendwa, halingoji Bunge wala bajeti. Kila kanisa lililowakilishwa hapa laweza kuteua watu wawili au watatu waaminifu wa kumsindikiza anayekwenda kulalamika, kuhakikisha maneno yake yameandikwa katika kitabu cha matukio, kuichukua nambari ya OB, na kurudi kesho yake kuuliza. Askari anayemwambia mama mmoja angoje hadi saa nne hatamwambia hivyo kwa wepesi mama huyo akija na mchungaji, mzee wa kanisa, na daftari.

Tano, daftari hilo litunzwe. Tarehe, nambari ya OB, jibu alilopewa mlalamikaji, jina la aliyelitoa. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa chuki. Malalamiko thelathini yaliyoandikwa kwa mpangilio ni ushahidi mbele ya IPOA na mbele ya Mahakama Kuu. Kesi ya Meru haikushinda kwa kelele. Ilishinda kwa sababu kulikuwa na watu walioyaandika yaliyowapata watoto, mmoja baada ya mwingine.

Sita, tuwatetee askari wanaotenda. Yupo OCS anayeichukua bunduki ya askari wake mwenyewe anapoona hatari, na huenda akachukiwa kwa hilo. Huyo tumwandikie barua ya shukrani, na nakala iende kwa wakubwa wake. Uwajibikaji unaojua kulaumu tu hauwezi kudumu.

Ndugu zangu, wale wasomao Maandiko wanamkumbuka mlinzi katika kitabu cha nabii Ezekieli, aliyewekwa juu ya ukuta ili autazame upanga ukija. Akiuona asiipige tarumbeta, watu wakaangamia, damu yao itatakwa mkononi mwake. Nabii hakumwuliza mlinzi kama ndiye aliyeushika upanga. Alimwuliza kama aliuona, na kama alitenda kazi aliyowekewa. Sheria ya kidunia imechukua muda mrefu kulifikia wazo hilo, na mahali pengine bado haijalifikia. Hapa kwetu limo ndani ya Katiba.

Lakini katika mfano huo mlinzi aliwekwa na watu wa nchi yenyewe. Wao ndio waliomteua, na wao ndio walio chini ya ukuta wakisikiliza. Polisi wetu ni walinzi tuliowaweka, kwa kodi yetu na kwa Katiba tuliyoipigia kura. Tarumbeta ikinyamaza, ni juu yetu tulio chini kuuliza kwa nini, usiku huohuo, kabla ya saa tisa za alfajiri.